Gramu Mia Moja

Mizani ni neno lenye kazi mbili katika Kiswahili. Sokoni ni chombo cha kupimia uzito wa bidhaa. Katika ushairi ni hesabu ya silabi za mshororo. Mtunzi aweza kuwa na fikira njema na maneno matamu, lakini mshororo wake ukizidi silabi moja, wajuzi husema shairi lina kasoro, wala haimfai kitu kuwaonyesha uzuri wa fikira yake. Mizani haiulizi mzigo umetoka wapi, umepita njia gani, wala nani aliubeba. Husema uzito, kisha hunyamaza. Huo ndio uadilifu wake, na huo ndio upungufu wake pia.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 2024, mjini Paris, mwanamke mmoja wa Kihindi alipanda juu ya mizani. Siku iliyotangulia alikuwa amewashinda wanawake watatu katika mieleka, na jioni ya siku hiyo alitakiwa kushindana kwa medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki. Uzito wake haukuruhusiwa kuzidi kilo 50. Mizani ikaonyesha kilo 50 na gramu 100. Jina lake ni Vinesh Phogat, na kwa gramu hizo 100, ambazo ni sawa na maji yasiyofika nusu ya bilauri, aliondolewa mashindanoni, akaandikwa wa mwisho katika orodha ambayo usiku uliopita alikuwa na hakika ya kuwa wa kwanza au wa pili.

Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na watu wengi waliiona kama ajali ya usiku mmoja. Lakini uzito wa binadamu si kitu kinachookotwa njiani. Gramu zile zilikuwa na asili yake, na mtu hawezi kuijua asili hiyo asipoyafuata maisha ya mwanamke huyu tangu mwanzo.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1994 katika kijiji cha Balali, jimbo la Haryana, kaskazini ya India. Haryana ni nchi ya wakulima, na mieleka ni mchezo wake wa jadi. Vijiji vingi vina uwanja wa udongo uliolainishwa, ambao wenyeji huuita akhara, na vijana hujifunza humo alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Lakini zamani vijana hao walikuwa wa kiume tu. Tena Haryana ilijulikana kwa uchache wa wanawake wake: hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta wanawake 879 kwa kila wanaume 1,000. Upungufu huo haukuletwa na tauni wala vita. Uliletwa na wazazi waliotamani watoto wa kiume, hata wengine wakazitoa mimba walizojua kuwa ni za watoto wa kike. Katika nchi kama hiyo, kuzaliwa msichana na kuachwa ukue kulikuwa tayari ni ushindi wa kwanza.

Baba yake alikuwa dereva wa basi. Katika barua aliyoitoa kwa watu mwezi Agosti 2024, Vinesh alikumbuka jinsi baba huyo alivyokuwa akimwambia kuwa siku moja ataendesha basi lake barabarani huku bintiye akipita juu angani katika ndege. Baba hakuiona siku hiyo. Aliuawa Vinesh akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, na muda si mrefu baadaye mama yake akagunduliwa kuwa na saratani. Mjane huyo akapigana na maradhi na umaskini pamoja, akawalea watoto wake. Vinesh aliandika kwamba moyo wa kutokata tamaa aliurithi kwa mama.

Malezi ya mchezo aliyapata kwa baba yake mkubwa, Mahavir Singh Phogat, aliyekuwa mwanamieleka katika ujana wake. Mahavir alikuwa na mabinti wanne, na ndugu yake alipokufa akawachukua Vinesh na dada yake Priyanka, wakawa wasichana sita katika uwanja mmoja. Wanawake walikuwa wamekwisha kufunguliwa mlango: mieleka yao iliingizwa katika Olimpiki mara ya kwanza mjini Athens mwaka 2004. Mahavir aliwaamsha wasichana alfajiri, akawakimbiza mashambani, akawapambanisha na wavulana kwa kuwa wasichana wengine wa kupambana nao hawakuwapo. Nywele zao zilikatwa zikawa fupi kama za wavulana. Wanakijiji walinung'unika na kuuliza ni nani atakayewaoa. Vinesh mwenyewe alieleza katika barua yake kuwa ndoto zake za utotoni hazikuwa za Olimpiki, ambayo hakuijua. Alitamani kuwa na nywele ndefu kama wasichana wengine. Jambo hili la nywele msomaji alishike, maana litarudi.

Manung'uniko yalipungua mwaka 2010, wakati Geeta, binti mkubwa wa Mahavir, alipopata medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Mwaka 2016 habari za Geeta na mdogo wake Babita zikatengenezwa filamu iitwayo Dangal, nayo ikatazamwa mbali sana na India. Lakini filamu huisha mtu akiwa juu ya jukwaa la washindi, na maisha hayaishi hapo.

Mieleka wanayoshindana wanawake katika Olimpiki ni ile ya mtindo huru. Katika mtindo mwingine, uitwao wa Kirumi, mshindani haruhusiwi kumshika mwenzake chini ya kiuno. Katika mtindo huru aweza kuikamata miguu, akamwinua mtu na kumwangusha kwa namna yoyote isiyo ya hatari. Pambano lina vipindi viwili vya dakika tatu. Ni mchezo wa nguvu, lakini zaidi ni mchezo wa kuotea: mtu hungoja kosa dogo la mwenziwe, uzito ulioegemea mguu mmoja zaidi ya mwingine, akaingia hapo. Na kwa kuwa nguvu hufuata uzito, washindani hugawanywa kwa kilo. Katika Olimpiki ya Paris wanawake walikuwa na madaraja sita: kilo 50, 53, 57, 62, 68 na 76. Kila mtu hutafuta kushuka daraja, apate kupambana na walio wadogo kuliko yeye. Na kwa kuwa wote hufanya hivyo, hakuna anayefaidika sana, ila wote hushinda na njaa na kiu.

Vinesh aliijua mizani mapema. Mwezi Aprili 2016 alikwenda Mongolia kutafuta nafasi ya Olimpiki ya Rio de Janeiro katika daraja la kilo 48, akazidi kwa gramu 400, akaondolewa. Mwezi uliofuata akaipata nafasi hiyo Istanbul. Huko Rio, tarehe 17 Agosti, alipambana na Sun Yanan wa China katika robo ya fainali, na goti lake la kulia likateguka vibaya. Alitolewa juu ya machela akilia. Siku hiyo hiyo Sakshi Malik, mwenzake wa Haryana, alipata medali ya shaba, akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki katika mieleka. Siku moja ilimpa mmoja na kumnyang'anya mwingine, nao wote wawili walitoka katika udongo mmoja.

Goti lilipasuliwa, likapona, naye akarudi. Mwaka 2018 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Gold Coast, na mwaka huo huo akashinda dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Jakarta, jambo ambalo mwanamke wa India alikuwa hajalifanya katika mieleka. Kwa medali alizopata Glasgow mwaka 2014 na Birmingham mwaka 2022, Jumuiya ya Madola ilimpa dhahabu tatu, kila moja katika daraja lake: kilo 48, 50 na 53. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia alipata shaba mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Msomaji aziangalie zile kilo tatu mbalimbali. Ni mwili wa msichana uliokuwa ukikomaa kuwa wa mwanamke. Tangu mwaka 2019 daraja lake lilikuwa kilo 53, na hata humo aliingia kwa kujinyima.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alitangulia katika orodha ya daraja lake, akashindwa katika robo ya fainali. Aliporudi nyumbani chama cha mieleka cha India kilimsimamisha kwa madai ya utovu wa nidhamu. Yeye akaandika kwamba moyo wake umevunjika, na kwamba hajui kama atarudi tena jamvini. Alirudi, lakini uhusiano wake na wakubwa wa mchezo ulikuwa umeingia ufa.

Mwezi Januari 2023 ufa huo ukawa bonde. Vinesh, Sakshi Malik na Bajrang Punia, wote wenye medali na sifa, waliketi chini mahali paitwapo Jantar Mantar mjini Delhi, wakamshitaki mbele ya watu rais wa chama cha mieleka, aliyekuwa pia mbunge wa chama kilichoshika serikali, kwamba aliwanyanyasa wanawake wa mchezo huo kwa tamaa za kimwili. Mtu huyo alikana, na shauri lake likafika mahakamani. Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na wengi waliwakumbusha wanamieleka maana ya maneno hayo. Hawakusikiliza. Mwezi Aprili walirudi, wakalala usiku kando ya barabara kwa wiki nyingi. Tarehe 28 Mei, walipotaka kuandamana kuelekea jengo jipya la Bunge siku ya kufunguliwa kwake, askari waliwakamata, na picha ya Vinesh akiwa chini huku ameshikwa na askari ikaonekana nchi nyingi. Siku mbili baadaye walichukua medali zao mpaka Haridwar, penye ukingo wa mto Ganges, wapate kuzitupa majini. Viongozi wa wakulima wakawasihi wasifanye. Mwishoni mwa mwaka huo Vinesh alirudisha nishani za heshima alizopewa na serikali: askari walipomzuia njiani, aliziweka chini katikati ya barabara, akaondoka.

Hapa ndipo gramu 100 zilipoanza kuhesabika. Mtu anayelala kando ya barabara hafanyi mazoezi. Mwaka 2023, ambao ulikuwa wa kutafuta nafasi za Paris, Vinesh aliutumia katika madai, na mwezi Agosti goti lake jingine lilihitaji kupasuliwa. Mwezi Septemba msichana mwingine wa Haryana, Antim Panghal, alipata shaba katika ubingwa wa dunia daraja la kilo 53, akaipatia India nafasi ya daraja hilo, nayo nafasi ikawa yake. Hakumdhulumu mtu. Jina lake Antim maana yake ni "wa mwisho". Wazazi wake, waliokwisha kuwa na mabinti kadhaa, walimpa jina hilo kwa kutumaini kuwa hatazaliwa msichana mwingine baada yake. Yule ambaye jina lake liliomba wasichana wakome ndiye aliyesimama katika nafasi ambayo Vinesh aliizoea. Kama kuna mtu wa kulaumiwa katika habari hii, si yeye.

Vinesh akabaki na njia mbili: kupanda mpaka kilo 57, kwa wanawake wakubwa kuliko yeye, au kushuka mpaka kilo 50, daraja ambalo mwili wake ulikuwa umekwisha kuliaga. Akachagua kushuka. Mwezi Machi 2024 alishinda majaribio mjini Patiala, na mwezi Aprili akaipata nafasi ya Paris huko Bishkek. Alikuwa karibu kutimiza miaka 30.

Tarehe 6 Agosti asubuhi alipimwa akakutwa hajafika kilo 50. Pambano lake la kwanza lilikuwa na Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Tokyo, ambaye hakuwa amewahi kushindwa na mgeni yeyote katika mashindano ya kimataifa. Hakuna aliyetazamia jambo ila kushindwa kwa haraka. Vinesh alijilinda, akakubali kuachwa nyuma kwa alama mbili, akangoja. Zilipobaki sekunde chache tu, Susaki alilegeza kidogo, na Vinesh akaingia, akamwangusha. Wajapani wakakata rufaa, rufaa ikakataliwa, hesabu ikawa 3 kwa 2. Kisha akamshinda Oksana Livach wa Ukraina kwa 7 kwa 5, na jioni akamshinda Yusneylis Guzmán wa Kuba kwa 5 bila jibu. Hakuna mwanamke wa India aliyewahi kufika fainali ya mieleka katika Olimpiki kabla yake.

Lakini mtu hawezi kupigana mara tatu bila kula wala kunywa. Maji kidogo na chakula kidogo alichopewa ili nguvu zirudi vilipanda mizanini. Usiku huo alipatikana na kilo 52 na gramu 700. Mkufunzi wake, Woller Akos wa Hungaria, alieleza baadaye jinsi usiku ulivyopita: mazoezi, kisha chumba cha mvuke, ambamo jasho lilikataa kutoka, na kutoka saa sita ya usiku mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mashine baada ya mashine, robo tatu ya saa kwa mara moja, na dakika mbili au tatu za kupumzika. Alianguka, wakamwinua, akaendelea. Mkufunzi alihofu kuwa atakufa. Mwishowe daktari na wasaidizi walipunguza nguo zake na kumkata nywele. Zile nywele zilizokatwa Balali apate kuingia katika mieleka zilikatwa tena Paris asitolewe katika mieleka. Hazikutosha.

Wengi India walisema kuna hila. Hapakuwa na hila. Kanuni iliyomwondoa ilikuwa imeandikwa kabla yake na kwa wote. Zamani washindani walipimwa jioni ya kuamkia mashindano, wakajikausha kwa hatari, kisha wakanywa na kula usiku kucha. Chama cha dunia kikaamuru upimaji uwe asubuhi ya kila siku ya mashindano, ili mtu aone hasara ya kushuka mno. Sarah Hildebrandt wa Marekani, aliyeshinda dhahabu hiyo, naye alilala na njaa yake akapimwa na mizani ile ile. Kama gramu 100 zingesamehewa, gramu 200 zingeomba msamaha kesho yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na aliyekubali kushuka daraja alikubali pia mizani yake.

Hata hivyo hukumu ina sehemu mbili. Kumzuia asipigane siku ile ni jambo moja. Kuyafuta mapambano matatu ya jana, ambayo aliyapigana akiwa na uzito halali, ni jambo jingine. Vinesh alipeleka shauri lake mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akiomba apewe medali ya fedha. Tarehe 14 Agosti ombi lilikataliwa. Jaji alisema kanuni ni wazi, na mshindani ndiye mwenye jukumu la uzito wake. Lakini aliona pia kuwa matokeo yake ni makali mno kwa mtu ambaye hakutenda uovu wowote. Ni nadra mwamuzi kuitekeleza sheria huku akionyesha mahali inapouma. Sheria ilisimama, na ukali wake ukaandikwa.

Kabla ya hukumu hiyo, tarehe 8 Agosti, Vinesh alikuwa ameandika maneno machache ya kuiaga mieleka, akimwambia mama yake kwamba mieleka imemshinda. Alipofika Delhi tarehe 17 Agosti, umati ulimpokea kana kwamba amerudi na dhahabu, na safari ya kwenda Balali ikachukua mpaka usiku wa manane kwa wingi wa watu waliosimama njiani. Kijiji kilichouliza nani atawaoa wasichana wa Phogat kilikuwa macho kumngoja mmoja wao. Mwezi Oktoba 2024 watu wa Julana walimchagua kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Haryana. Mwezi Julai 2025 alijifungua mtoto wa kiume. Na mwezi Desemba 2025 akatangaza kuwa anarudi jamvini, akiwa na shabaha ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kama atashinda au atashindwa huko, hilo si la kutabiriwa hapa. Mizani itamngoja kama ilivyomngoja Mongolia na Paris, wala haitamkumbuka. Haitajua habari za dereva wa basi, wala za mjane, wala za usiku wa Jantar Mantar, wala za msichana aliyeitwa wa mwisho. Kazi ya kuyajua hayo si ya mizani. Ni ya watu. Mtunzi ambaye mshororo wake umezidi silabi moja hagombani na mizani, wala haitupi kalamu. Huurudia mshororo ule, akautazama tena tangu neno la kwanza.